Mvua ya Ijumaa

"Umekonda mpaka nguo inakukimbia," Assia alisema, pini mbili zikiwa bado zimebanwa kwenye midomo yake. "Angalia hapa ku kiuno. Nilikupima mi mwenyewe, leo ninaingiza mukono muzima. Ni ile kufunga?"

"Ni kufunga."

"Sisi tunafunga Ramadhani tunatoka wanene. Nyinyi munafunga namna gani, ma chère?"

Amandine alitaka kucheka, akashindwa. Alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya duka la ushonaji la Assia, pale Bwiza, amevaa gauni jipya la kwaya, kitenge cha buluu chenye maua madogo meupe. Nje, watu wa Jumamosi asubuhi walikuwa wakibishana bei, redio ya kinyozi wa jirani ikipiga kelele, na matope ya mvua ya jana yamejaa mlangoni hadi Assia ameweka matofali ya kukanyagia. Amandine aliyatazama matope yale, machozi yakamlengalenga. Kwa watu wengine yalikuwa matope tu. Kwake yeye yalikuwa jibu la Mungu.

Assia akaona. Walikuwa marafiki tangu walipokalia dawati moja shule ya msingi, mmoja akienda madrasa jioni na mwenzake mazoezi ya kwaya, na hapakuwa na chozi la Amandine ambalo Assia hakujua lilikotoka.

"Shuka," alisema akizitoa pini mdomoni. "Kaa hapa. Ni Bonfils?"

Ndiyo, alikuwa Bonfils. Na ili msomaji asimlaumu binti wa watu bure, ni vizuri ajue desturi ya kanisa lile dogo la Ngagara, Kartiye ya Sita, ambako Amandine aliimba soprano na Bonfils alipiga gitaa la solo. Pale kijana hamwendei msichana. Akimpenda, anakwenda kwa Mama Odette, mkuu wa kamati ya ndoa, anataja jina, anarudi nyumbani kusubiri. Mama Odette ndiye anayemwita msichana pembeni na kumwambia, "Kuna mutu amekuona." Baada ya hapo wote wawili wanapewa mwezi wa kuomba, kila mmoja kivyake, wasikilize Mungu anasema nini. Katika mwezi huo hakuna simu. Hakuna ujumbe, hakuna kupeana mkono, hakuna kutembea njia moja, eti sauti ya mwanadamu isije ikafunika sauti ya Mungu. Waliotunga sheria hiyo walikuwa watakatifu, sina ubishi, lakini nina hakika walikuwa watakatifu waliokwisha kuoa.

Kabla ya mwezi huo Amandine alidhani anampenda Bonfils kiasi. Ukimya ndio uliomwonyesha ukweli. Bonfils alipoingia mazoezini aliwasalimia wasichana wote kwa pamoja, "Bwana asifiwe, dada zetu," macho yake sakafuni, na katika salamu hiyo moja ya watu wengi Amandine alichukua fungu lake na kwenda nalo nyumbani. Alikijua kikohozi chake. Alijua jinsi alivyojifuta vidole kwenye suruali kabla ya kugusa nyuzi. Kanisa liliwaachia jambo moja tu: Amandine ndiye aliyeanzisha nyimbo. Aliimba mstari wa kwanza peke yake, bila chombo, popote sauti yake ilipoangukia siku hiyo, na Bonfils aliitafuta kwenye gitaa, huku na huku, mpaka aipate. Alipoipata, Amandine alihisi ni yeye mwenyewe aliyepatikana. Mwezi mzima hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote.

"Leo kisha mazoezi namupa Mama Odette jibu," Amandine alisema.

"Na jibu ni nini?"

"Ni apana."

Utepe wa kupimia ulimponyoka Assia mkononi. "Apana? We? We unayeacha kula ukisikia gita ku redio?"

"Si mi, Assia. Ni Mungu amesema."

"Amekuambia namna gani?"

Amandine alikunja mikono mapajani. "Kila nikipiga magoti, moyo wangu unasema ndiyo. Ndiyo, ndiyo, mpaka sisikii kitu kingine. Sijui kama ni Mungu ao ni mi mwenyewe. Maman anasema ni mwili tu unaongea. Basi katikati ya wiki nikaomba dalili. Nikasema, Bwana, kama ni Bonfils, zuia mvua mpaka Jumamosi. Maji isiingie mu nyumba ya kwao kule Buterere, Maman akose neno la kusema. Kama si yeye, inyeshe."

Assia alimkazia macho. "Mwezi wa ine."

"Ndiyo."

"Mu Bujumbura. Mwezi wa ine, unamuomba Mungu mvua isinyeshe."

"Usicheke, Assia. Hata Gideoni aliomba dalili."

"Sicheki, wallahi." Alikuwa akicheka, ila kwa huruma. "We umeshakataa mwenyewe, kisha ukamutuma Mungu akusemee. Ungetaka ndiyo, ungeomba mwezi wa saba."

Maneno yale yalimchoma Amandine mahali asipopataka. Akainama kufunga viatu vyake ambavyo havikuwa vimefunguka.

"Sisi, mutu akitaka kuolewa anaswali istikhara," Assia aliendelea, sasa kwa upole. "Anamuomba Mungu amuchagulie la kheri. Lakini hakai ku mukeka kuchunga mawingu. Anaamuka, anatembea. Kama si kheri, Mungu anajua kufunga mulango, haombi musaada."

"Mulango umeshafungwa. Jana ndiyo gari ya dawa ilikuwa inaenda Cankuzo, kule wamemupa kazi ya uuguzi, na yeye mu ndani. Ameshaenda, Assia. Ameenda bila hata kuniangalia."

Hapo hakujizuia tena. Assia akaliacha gauni, akamshika rafiki yake kichwa akakilaza begani, na mteja aliyekuja kuulizia suruali yake akaambiwa apite kesho.

*

Mama Léocadie alikuwa barazani akichambua maharage, sinia mapajani, miwani puani. Tangu mumewe afariki na yeye kustaafu ukarani, nyumba ile ya Ngagara ilikuwa na watu wawili tu, yeye na Amandine, na viti vingi kuliko watu.

"Maji imewaingilia tena," alisema hata kabla binti yake hajafunga geti. "Jirani ametoka kule. Anasema ilifika ku magoti. Vyura mu sufuria, Amandine! Mu sufuria!"

"Nimesikia, Maman."

"Mi sina chuki na ule kijana. Akikuya kunipima presha, mukono yake ni mwepesi, anasema pole hata sijaumia. Kama muuguzi, ni mutoto muzuri. Kama mukwe, apana. Nyumba ya vyura, na kazi wamemutupa Cankuzo, mwisho wa dunia." Alitupa jiwe dogo uani. "Na mi nina mutoto mumoja."

"Na Mungu angesema ndiyo?"

Mkono wa Mama Léocadie ulisimama juu ya maharage. "Angesema, ningenyamaza. Lakini si amesema? We mwenyewe umeniambia dalili yako. Angalia barabara."

Amandine aliangalia barabara. Ilikuwa bado na madimbwi.

"Siku nikianguka humu mu nyumba," mama yake alisema kwa sauti ya chini, si ya ugomvi tena, "nani atasikia?"

Amandine alipiga magoti, akambusu shavuni, akaingia ndani kuvaa. Kumbe mama yake hakuogopa vyura. Laiti angekuwa anaogopa vyura, kumjibu kungekuwa rahisi.

*

Njia nzima kwenda kanisani Amandine alifanya mazoezi ya neno moja. Apana, Mama Odette. Nimeomba, na jibu ni apana. Alilisema kimyakimya akipita kwenye maduka, akalisema akivuka mtaro, na alipofika getini lilikuwa limelainika, linatoka bila kukwama. Kisha akasikia gitaa.

Mtu alikuwa akikaza nyuzi ndani. Uzi mmoja, kimya, uzi mmoja, kimya, kisha ule mkwaruzo mdogo wa vidole vikifutwa kwenye kitambaa.

Amandine alishika nguzo ya mlango. Bonfils alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, karibu na dirisha, kichwa kimeinama juu ya gitaa. Suruali yake ilikuwa na matope yaliyokauka mpaka magotini, macho yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hajaenda. Hajaenda! Moyo wa Amandine uliruka kwa furaha ambayo haikuomba ruhusa kwa mtu, na mara ile ile alijikemea: unafurahia nini, na jibu umeshapewa?

"Bwana asifiwe, dada zetu," Bonfils alisema.

"Amina," waliitikia wote. Sauti ya Amandine ilichelewa kidogo, ikasikika peke yake mwishoni. Vidole vya Bonfils vilitulia juu ya nyuzi, kisha vikaendelea.

Mama Odette alikuwa kwenye benchi la nyuma, mwanamke mnene mwenye mguu mmoja unaouma, kitambaa cheupe kichwani, kipepeo cha ukili mkononi. Alikuja mazoezini mara chache. Leo alikuwa amekuja kuchukua jibu, na Amandine alijua.

Kiongozi wa kwaya alipiga makofi. "Kabla hatujaimba, kuna mwenye ushuhuda?"

Bonfils alisimama.

Mama Odette aliacha kujipepea. Kamati yake ilikuwa imekataza kijana kuongea na msichana. Kumshukuru Mungu mbele ya watu, msichana akiwa miongoni mwao, hilo kamati haikuwahi kulifikiria.

"Ndugu na dada, mulijua jana nilikuwa naenda Cankuzo," Bonfils alianza. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa, ya taratibu. "Gari ya dawa ilikuwa inaondoka asubuhi. Sasa, mi nilikuwa na jambo mu maombi. Jambo kubwa kwangu. Nilikuwa nasubiri neno la Bwana, na siku zimeisha, neno sijalisikia. Basi usiku wa kuamkia jana nikamuwekea Mungu masharti. Nikasema, Bwana, kama hili jambo ni langu, usiniache nitoke mu huu muji kabla sijasikia. Nifungie njia. Nikalala. Munajua kilichotokea?"

"Mvua!" kijana mmoja wa besi alisema.

"Mvua! Huko juu ku mulima udongo ikaanguka mu barabara, gari haikupita. Na kwetu Buterere jana usiku maji iliingia mu nyumba, mama yangu amebeba sufuria ku kichwa, mi niko nachota maji na ndoo huku nacheka. Mama ananiambia, Bonfils, umerukwa na akili? Namwambia, Maman, Mungu amenijibu!"

"Haleluya!" kwaya ikalipuka. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Amandine hakupiga makofi. Mvua ile ile! Mvua aliyoilia yeye kitandani hadi mto ukalowa, ndiyo iliyomfanya Bonfils acheke akiwa na ndoo mkononi. Tone lile lile lilikuwa hapana Ngagara na ndiyo Buterere. Sasa lipi lilikuwa la Mungu?

"Sijamaliza," Bonfils alisema, na makofi yakafifia. "Leo asubuhi nilitoka nje. Nikamukuta jirani yetu, mujane, amesimama ku shamba yake ya muchele. Miche yote maji imeng'oa. Yote. Alikuwa ameshika muche mumoja ku mukono, anauangalia tu. Mi ndiyo nilikuwa nimecheka usiku, ndugu zangu. Nikajiuliza, Mungu wangu anaweza kung'oa muchele wa ule mama ili mi, Bonfils, nipate dalili yangu? Nikaona haya. Mvua ya watu wote, nilikuwa nimeifanya barua yangu mwenyewe."

Bonfils aliinua macho, akayapeleka juu ya vichwa vya wasichana, kwenye dirisha la mbele, mahali pasipo mtu.

"Nikapiga magoti mule mu matope. Nikasema, Bwana, unisamehe. Sikuombi tena dalili. Ninakuomba we mwenyewe. Kesho gari inaondoka asubuhi mapema, barabara wameifungua. Nikisikia neno kabla, nitakushukuru. Nisiposikia, nitaenda nikikuamini vilevile, juu we ni muchungaji, na mi ni kondoo, na kondoo hamupangii muchungaji njia. Lakini, Bwana, unajua..." Aliyatazama matope ya suruali yake. "Unajua lile jambo ninalipenda namna gani. Hilo sitakuficha. Mungu awabariki."

Akakaa. Wasichana wawili wa alto walikuwa wanajifuta machozi bila kujua wanamlilia nani.

"Tuombe," kiongozi alisema.

Kila mtu akaomba kwa sauti yake, kama desturi, na katika mvumo ule wa sauti nyingi Amandine alifunika uso kwa viganja. Maneno aliyoyazoea hayakuja. Hakuja Gideoni, hazikuja ahadi za kufunga. Alisema tu, "Baba, nimechoka kukupangia mvua."

Akangoja. Hakusikia sauti. Hakuona maono. Ila aliukumbuka mwezi wake wa maombi, asubuhi moja baada ya nyingine, jinsi alivyomwomba Mungu amwondolee Bonfils moyoni kama ni mwili tu, na jinsi kila alipoinuka alimkuta Bonfils bado yupo, ametulia mle ndani, na yeye mwenyewe ametulia pamoja naye. Kilichokuwa kikipiga kelele kumbe hakikuwa upendo. Ilikuwa hofu. Hofu ya vyura, hofu ya Cankuzo, hofu ya mama kuanguka peke yake ndani ya nyumba. Hofu ndiyo iliyokwenda kutafuta mwezi wa nne ili ipate jibu ililolitaka. Assia, na pini zake mdomoni, alikuwa ameona sawasawa.

"Amandine, tuanzishie," kiongozi alisema.

Alisimama. Alianza mstari wa kwanza wa wimbo wao wa Jumapili, na sauti ilianguka chini sana, mahali ambapo haikuwahi kuanzia. Alisikia gitaa likimtafuta. Likapita juu yake, likarudi, likashuka, likamkosa tena. Asijue kwa nini, safari hii hakujirekebisha ili apatikane kirahisi. Alibaki pale alipo, akiimba, akiamini atafikiwa. Na alifikiwa.

*

Wengine walipokuwa wakikunja madaftari ya nyimbo, Amandine alikwenda benchi la nyuma.

"Mwezi umeisha, mwanangu," Mama Odette alisema. "Unaniambia nini?"

"Mama, sina dalili. Niliomba moja, na sasa najua haikuwa dalili."

"Sikukuuliza dalili. Nimekuuliza jibu."

Neno lililofanyiwa mazoezi njia nzima halikuwapo tena. Amandine alilitafuta, hakulikuta.

"Ni ndiyo," alisema, na machozi yakamtoka. "Naogopa, Mama Odette. Naogopa juu ya Maman, naogopa na hiyo Cankuzo. Lakini nikiiweka hiyo woga pembeni nikimuangalia Mungu, ni ndiyo. Imekuwa ndiyo tangu siku ya kwanza."

Mama Odette akacheka kicheko cha tumboni, benchi likatikisika. "Mutoto wangu, mi pia nilisema ndiyo huku natetemeka. Na ule muzee wangu alikuwa na meno mabaya."

Amandine alicheka akilia. Simu yake ikatetemeka mkobani. Kwenye kioo: Maman. Alimwangalia Mama Odette, akapokea.

"Umeshamujibu Odette?"

"Nimemujibu, Maman."

"Ulisema nini?"

Amandine alifumba macho. "Nimesema ndiyo. Ile mvua nilimuwekea Mungu mu mudomo, Maman. Hakuisema yeye."

Amandine aliisikia pumzi ya mama yake, na nyuma yake sinia la maharage likiwekwa chini.

"Sitakuacha uanguke peke yako," aliongeza haraka. "Sijui tutafanya namna gani, lakini sitakuacha."

"Cankuzo," Mama Léocadie alisema. Kisha, kwa sauti nzito ya mtu anayeinua mzigo: "Nilisema Mungu akisema ndiyo nitanyamaza. Basi nimenyamaza."

"Maman..."

"Ule kijana, bado ana ile mashine yake ya presha?"

"Nafikiri anayo."

"Apite kunipima kabla hajaenda. Kichwa kinagonga. Si kama mukwe, umesikia? Kama muuguzi."

Simu ikakatwa. Mama Odette, ambaye alikuwa amesikia kila neno bila hata kujifanya hasikii, alijishikilia kwenye ukuta akasimama kwa mguu wake mzima.

"Taratibu inasema namwambia Pasta kwanza, kijana anajua kesho kisha ibada," alisema.

"Kesho kisha ibada atakuwa ameshafika mbali."

"Najua. Pasta nitamwambia mi mwenyewe. Akikasirika, nitamukumbusha vile yeye alimutafuta muke wake." Alimnyooshea Amandine kidole. "Lakini we unabaki hapa hapa. Hakuna maongezi mpaka familia zikutane. Hilo sibadilishi."

Akaenda. Kanisa lile ni dogo, lakini kwa mguu wa Mama Odette lilikuwa refu kama safari ya Gitega. Alipita benchi moja akapumzika, akapita jingine. Wengine walikuwa wameshatoka. Bonfils alikuwa ameshachomoa waya wa gitaa lake, anauzungusha kwenye kiganja, mgongo umewaelekea. Amandine aliuangalia mgongo ule. Kesho usiku utakuwa umelala mkoa wa mbali wenye baridi, na yeye hatakuwa amemwambia hata safari njema. Alitamani kukimbia, apite mabenchi yote, amfikie kabla ya yule mama na mguu wake. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akabaki.

Mama Odette alifika. Alisema maneno machache, na mengine machache, na mkono wake ukafanya alama ya kufunga kitambaa cha presha kwenye mkono.

Waya ulianguka sakafuni.

Bonfils aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze alimtazama. Hakuangalia dirisha wala sakafu. Alimtazama yeye, gauni lake lililolegea kiunoni, uso wake uliolowa, na Amandine hakukwepa. Yote ambayo hayakutumwa kwa simu, yote yaliyobanwa ndani ya "Bwana asifiwe, dada zetu", yalivuka lile kanisa tupu kwa mara moja. Midomo ya Bonfils ilifunguka, Mama Odette akainua kipepeo chake juu, ikafungika.

"Hakuna maongezi," alisema mama yule. Halafu akaanza kwenda kufunga madirisha, moja moja, bila haraka yoyote. "Wimbo si maongezi," alisema akiwa ameelekeza uso ukutani, kama anayeongea na bawaba.

Bonfils aliokota gitaa. Bila umeme sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kusikilizwa kwa makini. Alijifuta vidole kwenye suruali yenye matope, akapiga sauti moja, kisha ya pili, akasimama kwenye ya tatu akimngoja. Siku zote ni yeye aliyekuwa akimtafuta. Sasa alikuwa ametangulia.

Amandine hakuujua wimbo ule, wala hakujua ulikuwa unaelekea wapi. Alivuta pumzi, akaufuata.